Sanduku la Ukoo Limejaa

Mimi ni mtu wa kufuta. Wengine wakiwa na hasira huosha vyombo au hutoka kutembea; mimi hufungua simu na kufuta picha. Nyumbani kwangu Kilimani hakuna droo ya vitu vya "huenda vikahitajika", na dada yangu hunitania kwamba ukinipa zawadi inabidi urudi baada ya wiki uhakikishe bado ipo. Nadhani ndiyo sababu nilijikuta katika kazi hii ya kuzunguka kwenye biashara ndogo ndogo nikipanga barua pepe zao: zipi zibaki mkononi, zipi zihifadhiwe pembeni kwenye kumbukumbu, na zipi ziage dunia.

Sikuianza kwa hiari. Nilikuwa nimeajiriwa Westlands, ghorofani, kwenye ofisi yenye zulia na kiyoyozi, tukitunza seva za kampuni kubwa. Kampuni yetu ilipopunguza watu nami nikapunguzwa, nikarudi nyumbani na kompyuta yangu na kiburi changu. Baada ya muda nikagundua kwamba jiji hili limejaa watu wenye biashara nzuri kabisa ambao hawana idara ya kompyuta. Wana mpwa. Mpwa ndiye aliyewafungulia barua pepe, mpwa ndiye anayejua neno la siri, na ukiuliza huyo mpwa yuko wapi, utaambiwa yuko Doha.

Wateja wangu wa kwanza walinifundisha kwamba hakuna anayetaka kufuta. Kulikuwa na daktari wa meno hapo hapo Kilimani aliyehifadhi picha za meno ya watu waliokwisha kuhama nchi. Kulikuwa na wakili mzee katikati ya jiji aliyechapa kila barua pepe kwenye karatasi, akaitia kwenye faili, akaiacha na ile ya kwenye kompyuta, kisha juu ya hayo yote akajitumia nakala. "Akiba haiozi," aliniambia. Daktari naye aliniambia vivyo hivyo, kana kwamba walikutana wakakubaliana. Hapo nikapata jibu langu ambalo bado ninalitumia: akiba haiozi, lakini ghala hujaa. Halichekeshi mara ya pili, lakini mimi hulipenda.

Mteja ninayetaka kusimulia habari zake ni mama mmoja wa makochi. Karakana yake iko kando ya Barabara ya Ngong, kabla tu hujafika Dagoretti Corner, pale viti vinapopangwa nje vikiwa vimevishwa nailoni ili vumbi lisivimalize. Aliianza na mumewe, mume akafariki, yeye akaendelea. Ni mtu wa Makueni, ana mwili na sauti, na mafundi wake, wanaume wazima wenye ndevu, humwita Mama bila kusita. Ofisi yake ni kijumba cha mbao na mabati nyuma ya karakana, na ndani mna meza nzuri kuliko yoyote niliyoiona Westlands, maana alijitengenezea mwenyewe.

Alinipigia asubuhi moja ya Jumatano. Nilipofika hakunipa hata nafasi ya kuketi.

"Wewe ndio yule wa kompyuta? Karibu. Hii kitu inasema imejaa. Sasa imejaa na nini, na mimi siwekangi kitu huko? Ni watu hutuma."

"Hivyo ndio hujaa, Mama. Wao wakituma, kwako kunajaa."

Akacheka, akaagiza niletewe chai. Lakini msichana aliyekuwa ameketi pembeni akishona foronya za mito hakucheka. Alikuwa binti wa mdogo wake Mama. Alipomaliza kidato cha nne alikuja Nairobi kukaa kwa mama yake mkubwa "kidogo tu" akisubiri nafasi ya chuo, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

"Ni mimi nilimwambia Anti akuite," akasema. "Kuna barua yangu imekwama."

Akanieleza bila kuacha kushona. Alikuwa ameomba kusomea uuguzi katika chuo kimoja nje ya Nairobi, mara ya tatu sasa. Majibu yalitumwa Jumatatu. Karani wa chuo alimwambia kwa simu kwamba mtambo wao unaonyesha barua haijapokelewa, bado inajaribu. Yaliyomo ndani hakutaka kuyasema. Kuituma kwa anwani nyingine alikataa pia. Barua huenda kwenye anwani iliyo kwenye fomu ya maombi, basi. Na yeyote aliyekubaliwa alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nafasi yake inapewa anayefuata.

"Na kwa form uliandika email gani?" nikamuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Ya Anti. Si ndio yetu."

Nikaweka kikombe chini. Niliwaeleza jinsi mambo haya yanavyokwenda. Barua pepe ikikuta sanduku limejaa, haitupwi papo hapo. Seva iliyoituma huondoka, ikarudi baadaye ikabisha tena, na tena, kwa siku chache, kisha hukata tamaa na kumrudishia aliyeiandika. Maana yake ni kwamba tangu Jumatatu barua ya msichana huyu ilikuwa ikija mlangoni na kukosa pa kukanyaga. Tukipata nafasi kabla haijachoka, itaingia yenyewe.

"Itachoka lini?" Mama akauliza.

"Sijui, Mama. Inategemea na seva yao. Inaweza kuwa kesho. Inaweza kuwa leo."

Njia rahisi ingekuwa kuongeza ukubwa wa sanduku, jambo la kubonyeza mara mbili. Lakini tovuti ya kampuni na barua pepe zake zilitengenezwa na mpwa wa upande wa marehemu, na akaunti kuu iko kwa jina lake, naye alikwenda, sitasema wapi, umeshajua. Tulimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Tukamwandikia ujumbe, ukabaki na alama moja, haujamfikia. Basi ilibidi tupunguze kutoka ndani, na hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Nilivua koti nikakaa kwenye ile meza nzuri.

Nimefungua masanduku mengi, lakini mfano wa hilo sijauona. Nilitarajia makochi, na makochi yalikuwepo: picha za wateja, vipimo vya sebule, maswali ya lini kitakuwa tayari. Ila katikati ya makochi walikuwa watu. Binamu aliyeomba kazi ya ulinzi. Mtoto wa binamu na matokeo yake ya mtihani. Shemeji aliyejiandikisha kwa watu wa kodi. Kamati ya harusi, kamati ya mazishi, kamati ya kuchangia matibabu, zote na picha zao. Mjomba wa msichana, kaka yake Mama, alikuwa ametuma kutoka saiba, duka la intaneti la mjini Wote, karatasi za shamba, kila ukurasa picha moja nzito, na baada ya shamba akatuma mbuzi wake, mmoja mmoja, kila mbuzi na barua yake.

Nilikasirika, kisha nikaelewa. Sisi tuliokulia nchi hii tunaijua desturi hiyo. Zamani barua zilikuja kwa sanduku la posta, na si kila mtu alikuwa na sanduku. Ulitumia la shule, la kanisa, au la yule jamaa yenu mmoja aliyepata kazi, na hakuna aliyeona ajabu barua za ukoo mzima kulala pamoja. Watu walipoacha kwenda posta, desturi haikuachwa huko. Ilihamia kwa Mama. Yeye ndiye kifungua mimba wao, ndiye mwenye ofisi Nairobi, na anwani yake ina jina la kampuni, kwa hivyo mtu akiiandika kwenye fomu ya kazi anaonekana ana watu.

"Mama," nikamwambia, "hii ni biashara ama ni posta?"

"Ni zote mbili."

"Basi wacha tutoe za posta."

"Usiguse!" Mpaka fundi mmoja nje akageuka. "Hizo si zangu. Mtu akikupea kitu umuwekee, unatupa aje?"

Sikubishana. Nilianza na visivyo na mwenyewe: matangazo ya safari, bahati nasibu, mtu wa nchi fulani anayetaka kumrithisha Mama dhahabu. Nilizifuta kwa raha yangu yote, kisha nikamwaga na pipa la takataka, maana watu husahau kwamba ulichofuta hukaa kwenye pipa na bado kinakula nafasi. Upenyo ukapatikana, na alama nyekundu ya onyo juu ya kioo ikazimika. Msichana akaacha kushona akaja kusimama nyuma yangu.

Haikupita muda kompyuta ikalia. Tukainama sote. Ilikuwa orodha ya vitambaa kutoka kwa muuzaji wa mjini, kila rangi na picha yake. Ikalia tena. Kumbukumbu za kamati ya harusi nyingine, na mahema yake. Kisha kimya, na ile alama nyekundu ikarudi juu ya kioo: limejaa. Sikuwa nimewaza kwamba barua ya chuo haikuwa peke yake mlangoni. Kulikuwa na foleni, na kwenye foleni hapa kwetu anayeingia kwanza si mwenye haraka, ni mwenye viwiko.

Nilitukana kimoyomoyo. Tulihitaji nafasi kubwa kwa mkupuo mmoja, ili wenye viwiko wote waingie wakae na bado pabaki mahali pa barua ya msichana. Nikazipanga barua kwa uzito, nzito juu. Zilizokuja juu kabisa hazikuwa za ukoo. Zilitoka kwenye anwani hiyo hiyo kwenda kwenye anwani hiyo hiyo, hazina salamu wala maneno, na kila moja imebeba faili la sauti.

"Hizo ni nyimbo," msichana akasema taratibu. "Za Ankol marehemu."

Mumewe Mama alikuwa mwalimu wa kwaya. Jioni, mafundi wakishafunga, wanakwaya walikuja kufanyia mazoezi katikati ya makochi, naye alirekodi kwa simu na kujitumia mwenyewe ili wimbo usipotee simu ikiibiwa. Simu iliibiwa kweli. Kwa hivyo nyimbo, na sauti yake akihesabu kabla ya kila wimbo, zilibaki hapo tu na si kwingine duniani.

Kwa kawaida hilo ni jambo la kutuliza moyo, maana ndiyo maana ya kuhifadhi kumbukumbu. Unachomeka diski ya nje, unanakili, unahakikisha nakala inafunguka, ndipo unaondoa kwenye sanduku. Nilichomeka diski yangu. Lakini barabara ilikuwa inachimbwa wiki hiyo, kebo ya intaneti imekatwa, na tulikuwa tunatumia mtandao wa simu ya Mama. Wimbo wa kwanza ulianza kushuka kwa mwendo wa kinyonga. Nikapiga hesabu, nikapiga tena nikitumaini nimekosea. Tungemaliza Jumamosi.

Mama alikuwa nje na mteja aliyetaka kochi la kona. Aliporudi nilimweleza ukweli bila kuuzungusha: nafasi iko kwenye mizigo ya ukoo, au iko kwenye nyimbo, na zote mbili hazitanakilika kabla ya Ijumaa. Alisimama mlangoni akatugeuzia mgongo, akaangalia barabarani.

"Futa nyimbo," akasema.

"Anti, hapana."

"Nimesema afute. Yeye hana haraka tena. Wewe ndio uko na haraka."

Nami hapo, mtu wa kufuta, niliyefuta hata picha za mahafali yangu, nikaitia alama barua ya kwanza na mkono ukagoma. Nilimkasirikia yule mama. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa radhi kupoteza sauti ya mumewe ili mbuzi wa kaka yake wabaki, kama vile marehemu alikuwa wa kwetu. Niliondoa mkono kwenye kipanya.

"Mama, sifuti. Kwani hawa watu hawana simu? Wapigie uwaulize kama bado wanataka hivi vitu vyao."

"Niwaambie nini?" Aligeuka, na macho yake yalikuwa na maji. "Niwaambie nimekosa nafasi yao?"

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu. Msichana alinisimulia baadaye kwamba kila mtu wa kwao aliyewahi kuja Nairobi kutafuta maisha alilala kwanza kwa Mama. Walilala kwenye makochi, walilala chini, walilala wanne kwenye kitanda kimoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akisema kumejaa. Ndilo jina lake nyumbani, mtu ambaye kwake hakujai. Sasa mimi nilikuwa nimekuja na kompyuta yangu kumtaka alitamke neno hilo kwa simu, kwa mtu mmoja baada ya mwingine.

Msichana ndiye aliyetuokoa. Alichomeka sindano kwenye foronya, akachukua simu ya Mama mezani, akampigia yule mjomba wa mbuzi, akaweka sauti ya nje. Mama alinyosha mkono kumzuia, lakini simu ilikuwa imeshapokelewa.

"Ankol, habari ya huko?"

"Nzuri, mwanangu. Mko salama?"

"Tuko. Ankol, email ya Anti imejaa, na barua yangu ya chuo imeshindwa kuingia. Zile picha zako za shamba na za mbuzi, tunaweza toa?"

Upande wa pili jogoo aliwika. "Imejaa?"

"Imejaa kabisa."

"Na mbona hakusema?"

Mama alijifunika uso kwa khanga.

"Karatasi za shamba niko nazo hapa kwa sanduku ya chuma," mjomba akaendelea. "Hizo nilituma tu nione kama zitafika."

"Na mbuzi, Ankol?"

"Hao mbuzi wengi tulishakula."

Fundi aliyekuwa dirishani, ambaye nadhani alikuwa amesikiliza tangu mwanzo, alicheka mpaka nyundo ikamtoka. Mama naye akaanza kutikisika ndani ya khanga, nikafikiri analia, kumbe anacheka. Mjomba hakujua tunacheka nini. Alisema toeni, toeni zote, na ngojeni niwaambie na wengine, nikasikia tayari anamwita mtu huko aliko.

Baada ya hapo simu ya Mama haikupumzika, na mtandao ukawa unakatika kila ikilia, lakini sikujali. Binamu wa ulinzi alisema hiyo kazi alishaiacha hata, futa. Bibi harusi wa ile kamati ya kwanza alisema harusi iliisha zamani, ana mtoto wa pili sasa, futa mahema na picha za keki. Shemeji aliomba za kodi tusiguse, nami nikamwambia hizo ni nyepesi, zitakaa. Kila mmoja kabla ya kukata alisema kitu kile kile kwa namna yake: pole, Anti, hatukujua. Mwanzoni msichana ndiye aliyekuwa akijibu. Kisha Mama akamnyang'anya simu, akaongea Kikamba, sikuelewa hata neno, ila nilisikia sauti yake ikifunguka. Ile aibu ilikuwa imemtoka, na nilifurahi kuishuhudia ikitoka.

Nami nilifuta. Nilifuta kwa ruhusa, jina kwa jina, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na ambalo siku hizi ndilo ninaloanza nalo kwa kila mteja. Mbuzi wakaenda, mahema yakaenda. Nyimbo niliziacha zikishuka zenyewe taratibu. Zilimaliza kushuka Jumamosi hiyo kama nilivyohesabu, nikaziweka kwenye diski mbili, moja ikabaki kwa Mama na nyingine wakapewa wanakwaya. Nilipomwaga pipa la takataka, alama nyekundu ikatoweka na sanduku likawa na nafasi ya kutosha hata kwa viwiko vya Nairobi nzima.

Kisha tukasubiri. Katika kazi yangu hakuna ninachokichukia kama kusubiri seva ya watu, kwa sababu huna wa kumgombeza. Mama aliagiza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya kwao, tukala. Barua za foleni ziliingia moja moja, matangazo, muuzaji wa sponji, mteja anayelalamikia mguu wa meza, na kila kompyuta ilipolia msichana aliinua kichwa kisha akakirudisha kwenye foronya. Niliogopa. Niliogopa kwamba barua ilikuwa imechoka asubuhi ile ile, wakati sisi tukibishana. Halafu nikaanza kuogopa kwamba itafika na kusema hapana, na ukoo mzima utakuwa umehama nyumba kwa ajili ya hapana.

Jua lilikuwa limeshainama upande wa mtaa wa Karen kompyuta ilipolia tena. Nilisoma jina la chuo, nikasogeza kiti nyuma nimpishe.

Msichana hakuifungua. Alisimama mikono ikiwa nyuma, kama mtoto mbele ya mwalimu. "Soma wewe, Anti. Imekuja kwa sanduku yako."

Mama alivaa miwani. Alikaa kwenye kiti chake, akaisogelea kompyuta, akaanza kusoma kwa sauti kile Kiingereza chake cha taratibu, bila kuruka kitu: jina la chuo, tarehe, jina kamili la msichana, kichwa cha barua. Nje nyundo moja ilinyamaza, kisha nyingine. Alipofika kwenye neno la kukubaliwa alilipita kama maneno mengine, akamaliza sentensi, akasita. Akarudi nyuma akalitafuta kwa kidole kwenye kioo. Akalisoma tena, hilo peke yake.

Msichana alikaa chini sakafuni, hapo hapo kwenye vumbi la mbao, akalia. Mama alimwacha alie. Alimwangalia tu, miwani ikiwa imemshuka puani, akasema, "Muuguzi," kana kwamba alikuwa anamsalimia mtu mpya aliyeingia. Mafundi walipiga kelele. Mimi nilijifanya nakagua diski, kwa sababu sipendi watu wanione nikilia kazini.

Jibu liliandikwa papo hapo. Msichana alipangusa mikono, akakaa kwenye kiti cha Mama, akachapa mwenyewe kwamba amekubali nafasi, akaniomba nimwangalizie, nikahakikisha imekwenda na haikurudi. Ilikwenda.

Kabla hajainuka kitini simu ikalia. Alikuwa ni mjomba.

"Imefika?"

"Imefika, Ankol. Nimeingia."

Tulimsikia akiweka simu mahali, akiwaita watu kwa Kikamba, kisha vigelegele, wanawake wengi kuliko nilivyodhani wangeweza kuwa karibu naye. Vilidumu, Mama akavijibu kutoka Dagoretti kwa sauti iliyowafanya watu wa barabarani wageuke. Mjomba aliporudi kwenye simu alikuwa anapumua kama aliyetoka mbio.

"Huyo wa kompyuta bado yuko hapo?"

"Yuko, Ankol."

"Mwambie hiyo asifute."